Je, Wajua? Tajiri wa Vitabu Aliyeondoka na Kipande cha Kibo

Ukisimama kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kinaonekana chote. Maji yanayoingia majarubani yanatoka hukohuko: skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, inachota Mto Rau na chemchemi za Njoro, na vyote viwili vinaishi kwa mvua na misitu ya mlima. Watu wa hapa wanaujua mlima kwa tumbo na kwa macho. Kisichojulikana sana ni kwamba kipande cha kilele chake kiliwahi kupachikwa ukutani katika kasri la mfalme wa Ujerumani, na aliyekipeleka alikuwa tajiri wa vitabu, mkusanyaji wa sanaa ya Afrika na mfadhili wa makumbusho. Jina lake Hans Meyer. Moshi anatajwa kwa jambo moja tu, kupanda mlima. Lakini maisha yake mengine ndiyo yanayoeleza ule upandaji ulikuwa wa nini, na vitu vya Afrika vilifikaje kwenye makabati ya Leipzig.

Je, wajua kwamba Malkia Victoria hakumpa mtu mlima?

Hadithi hii imesimuliwa madarasani na hata kwa watalii: malkia wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro, mjukuu wake wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja, basi akamzawadia Kilimanjaro siku ya kuzaliwa. Mpaka wa Tanzania na Kenya unaopinda kuuzunguka mlima ndio unaotolewa kuwa ushahidi.

Si kweli. Mstari ule ulichorwa katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Wilhelm wa Pili hakuwa Kaisari mpaka Juni 1888. Mwaka 1885 wakala wa Wajerumani, Karl Jühlke, alikuwa amekwisha kufika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, na kuondoka na mkataba mkononi. Waingereza waliitaka Mombasa, Wajerumani wakautaka mlima, wakagawana mezani.

Zawadi ya kweli ilikuja baadaye, na haikutoka kwa bibi. Ilitoka kwa Meyer. Oktoba 1889 aliokota jiwe la volkano kileleni, akalichukua mpaka Ujerumani. Jiwe lilipasuliwa: nusu moja akampa Kaisari, nusu ya pili akabaki nayo mwenyewe. Nusu ya Kaisari ilipelekwa Potsdam, kwenye kasri liitwalo Neues Palais, katika ukumbi ambao kuta zake zimenakshiwa kwa makombe ya baharini, madini na mawe kutoka pande zote za dunia. Kaisari hakuwahi kukanyaga hata kibonde kimoja cha Uchagani, lakini alikuwa na ncha ya mlima wetu nyumbani kwake.

Je, wajua fedha za safari za Meyer zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye kamusi na ensaiklopidia. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Bibliographisches Institut mjini Gotha mwaka 1826. Ilihamia Hildburghausen, ambako Hans alizaliwa tarehe 22 Machi 1858, kisha mwaka 1874 ikahamia Leipzig, mji uliokuwa kitovu cha biashara ya vitabu Ujerumani. Ensaiklopidia iliyobeba jina la ukoo, Meyers Konversations-Lexikon, ilikuwa kwenye rafu za madaktari, walimu na wafanyabiashara nchi nzima. Kampuni hiyohiyo ilichapisha vitabu vya wanyama vya Alfred Brehm, na mwaka 1880 ikatoa kamusi ya tahajia ya Konrad Duden. Mjerumani anayebishana leo juu ya namna ya kuandika neno bado anaikimbilia Duden.

Hans aliingia katika uongozi wa kampuni katikati ya miaka ya 1880, baada ya masomo ya chuo kikuu na safari ya kuizunguka dunia. Kwa hiyo hakuwa askari wala mtumishi wa serikali. Alijilipia. Hakuna aliyemwamuru aende wala aliyeweza kumwita arudi.

Jambo moja kuhusu ukoo huu linanigusa. Mwaka 1888 baba yake, Herrmann Julius Meyer, alianzisha chama cha kuwajengea wafanyakazi wa Leipzig nyumba za kodi nafuu. Nyumba hizo zipo mpaka leo na watu wanaishi humo. Walikuwa watu waliojua kutoa. Ila kutoa kwao kulikuwa kwa ajili ya Leipzig.

Je, wajua kwamba Abushiri alimfunga minyororo, na akakombolewa kwa rupia 10,000?

Jaribio la kwanza la Meyer, mwaka 1887, lilikwama kwenye ukuta wa barafu. Mwaka 1888 alirudi na Oscar Baumann wa Vienna, wakapitia Usambara. Hawakufika mbali. Agosti mwaka huo kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutwaa forodha na bandari za Mrima kwa jina la mkataba na Sultani wa Unguja, na watu wa Pangani hawakukubali kuona bendera ya kigeni ikipandishwa mjini kwao. Vita vikawaka. Wapagazi wakatawanyika, na wasafiri wale wawili wakakamatwa wakielekea pwani.

Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi wa vita hivyo, aliwaachia baada ya fidia kulipwa. Mizigo, vipimo na makusanyo ya Meyer vilipotea karibu vyote. Tajiri aliyezoea kununua vitu sasa alinunuliwa yeye, na bei akaipanga mtu wa pwani.

Linganisha tarehe hizi mbili: Meyer alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Abushiri alinyongwa na Wajerumani huko Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo.

Je, wajua kilichomwezesha kufika juu safari ya tatu?

Kwanza, alikuja na mtu wa barafu. Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, alikuwa mmoja wa wapandaji hodari wa Milima ya Alps. Pili, na kwa maoni yangu hili lilikuwa na uzito zaidi, Meyer alikuwa amejifunza kwamba mlima huu unamshinda mtu kwa njaa kabla ya kumshinda kwa baridi. Akaweka kambi kwa ngazi, moja juu ya nyingine, na watu wakawa wanapanda na kushuka kutoka Marangu wakipeleka chakula. Mangi Mareale wa Marangu aliwapokea, na bila uwanja wake na watu wake mpango ule usingewezekana.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, wakafika ukingoni mwa kreta, wakaona ncha ya juu ikiwa bado mbali, wakashuka. Siku tatu baadaye wakarudi, na safari hii wakafika. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40 kamili. Meyer akasimika bendera, akakiita kilele Kaiser-Wilhelm-Spitze, akaweka jiwe mfukoni.

Kitabu cha Meyer kinamtaja Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu penye baridi kali akipika na kulinda, huku wenzake wakishuka. Marangu wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa kwao aliyewaonyesha njia, ambaye aliishi miaka mingi sana na kufariki mwaka 1996. Kwa muda mrefu kumbukumbu kwenye lango la Marangu ilikuwa ya Meyer. Baadaye likawekwa bamba la majina ya Lauwo na wenzake. Ukipita pale usisome bamba moja tu.

Jina la Kaisari lilidumu mpaka uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera juu ya kilele hicho, na tangu hapo ni Uhuru, mita 5,895.

Je, wajua kwamba alama za Leipzig bado zipo huko juu?

Ratzel, jina la barafu iliyompa Meyer taabu, ni la Friedrich Ratzel, profesa wa jiografia wa Leipzig. Rebmann, jina la barafu nyingine, ni la mmisionari aliyeripoti theluji mwaka 1848 na kukanushwa na wataalamu waliokaa Ulaya. Decken na Kersten, ambao nao wana barafu zenye majina yao, walipanda sehemu ya mlima miaka ya 1860. Kwenye Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, ncha ya juu kabisa, mita 5,149, inaitwa Hans Meyer, na jirani yake inaitwa Purtscheller.

Hayo ni majina ya marafiki, walimu na watangulizi, kama mtu anavyoandika tabaruku mwanzoni mwa kitabu chake. Ajabu ni kwamba baadhi ya tabaruku hizo zinayeyuka. Meyer mwenyewe aliporudi mwaka 1898, safari hii na mchoraji Ernst Platz, alishangaa jinsi barafu ilivyokuwa imerudi nyuma kwa miaka tisa tu. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imekwisha. Maelezo ya Meyer na michoro ya Platz sasa ni vithibitisho vya wanasayansi, na kwa hilo anastahili shukrani.

Je, wajua kwamba alinunua shaba za Benin?

Hapa ndipo mkusanyaji anapoonekana wazi. Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuvamia mji wa Benin, katika Nigeria ya leo, likachoma, likampeleka Oba Ovonramwen uhamishoni Calabar, na kubeba maelfu ya vitu kutoka kasri lake: vichwa vya shaba vya wafalme, mabamba ya historia ya ufalme, pembe za ndovu zilizochongwa. Vingine viliuzwa London kufidia gharama za vita.

Wajerumani wakawa wanunuzi wakubwa, na Meyer alikuwa mstari wa mbele. Alikusanya makumi ya vipande, akaviweka katika jumba la makumbusho la Leipzig. Katika barua moja alistaajabu jinsi Waingereza walivyoviachia vitu hivyo viende, kana kwamba wanavyo vingi mno au hawajui maana yake kwa sanaa na historia.

Nimeifikiria sana barua hiyo. Wakati ambapo Wazungu wengi walidai mikono ya Waafrika haiwezi kutengeneza kazi kama zile, mchapishaji huyu aliona mara moja kwamba mbele yake pana sanaa kubwa. Jicho lake lilikuwa zuri. Alistaajabia uzembe wa Waingereza kama wauzaji. Kwamba mwenye mali, Oba, alikuwa hai Calabar wakati huohuo, na hakuwa ameuza kitu, hilo halikumsumbua kalamu. Alilipa fedha halali kwa mtu asiye na haki ya kuuza. Tatizo la makumbusho ya Ulaya mpaka leo limo katika stakabadhi za namna hiyo.

Desemba 2022 waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Annalena Baerbock, alikabidhi vipande 20 vya Benin mjini Abuja. Makumbusho ya jimbo la Saxony, ambamo Leipzig imo, nayo yalikuwa miongoni mwa yaliyohamisha umiliki kwenda Nigeria.

Je, wajua uhusiano wa Meyer na vinyago vya Newala?

Meyer aliongoza tume ya utafiti wa nchi za makoloni ya Ujerumani. Tume hiyo ndiyo iliyompeleka Karl Weule kusini mwa Tanganyika mwaka 1906, wakati nchi ya Maji Maji ilikuwa bado inanuka moshi. Weule alizunguka nyuma ya Lindi na kwenye uwanda wa Wamakonde, ikiwemo Newala, akapiga picha, akarekodi nyimbo, akarudi Leipzig na shehena ya vitu, kisha akawa mkurugenzi wa makumbusho yaleyale. Ikumbukwe hali ya mwuzaji: kijiji kilichotoka vitani, mnunuzi akifuatana na askari.

Nyumba ya makumbusho hayo nayo ni tunda la mfanyabiashara. Franz Dominic Grassi, mwenye asili ya Italia, alifariki mwaka 1880 na kuuachia mji wa Leipzig utajiri wa zaidi ya marki milioni 2. Jina lake bado liko mlangoni. Desemba 1943 mabomu yaliliangukia jengo, na sehemu kubwa ya makusanyo ikateketea.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mfadhili wake wakati huohuo. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo na Unguja aliyetajirika kwa kuwapa wasafiri wa Kizungu wapagazi na bidhaa, alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo, na kabla ya kufariki mwaka 1897 akatoa fedha za hospitali Dar es Salaam. Ndiyo maana Muhimbili wana wodi iitwayo Sewa Haji. Utajiri wake ulitokana na misafara ileile, lakini alichokitoa kilibaki hapa.

Je, wajua kwamba mafuvu nayo yalikusanywa?

Sitaandika kwa urefu, kwa heshima ya wenye ndugu zao. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, pamoja na viongozi wengine 18 huko Old Moshi. Familia inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, amekitafuta kwa miaka mingi. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata jamaa walio hai wa mafuvu yaliyochukuliwa nchini, na moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Katika kabati lilelile la elimu kuliwekwa ngao, vinyago na watu.

Meyer aliiacha kampuni mwaka 1914, mwaka uliofuata akawa profesa wa jiografia ya makoloni Leipzig, akaandika kuhusu Warundi, akafundisha mpaka karibu na kifo chake tarehe 5 Julai 1929. Kufikia hapo Ujerumani haikuwa na koloni hata moja la kufundishia.

Je, wajua nusu ya pili ya jiwe ilifikia wapi?

Ilikaa kwa Meyer na ukoo wake, kisha ikaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa vitabu na vitu vya kale huko Austria. Mwaka 1922 Wajerumani wangesema jiwe hilo ni kumbukumbu ya shujaa. Mwaka 2022 kundi la wasanii liitwalo PARA lilisema ni mali iliyoondolewa Tanzania, na inafaa irudi. Kwa ushirikiano na makumbusho ya Grassi walivunja kwa mashine nguzo ya ukumbusho wa Karl Weule, wakasaga kifusi, wakafinyanga nakala za jiwe la Kibo na kuziuza ili wachangishe fedha za kulinunua lile la kweli. Walipanda pia Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, wakakata ncha yake ndogo, ili Wajerumani waonje kidogo maana ya kunyang'anywa kilele. Wapo waliokasirika. Uchungu waliouonyesha kwa sentimita chache za mwamba wao ni jibu tosha kwa anayeuliza kwa nini sisi tunajali jiwe.

Kinachoniudhi ni hesabu yake. Jiwe liliokotwa bure, na miaka 130 baadaye linatakiwa kununuliwa ili lirudi.

Je, wajua kwamba Afrika nayo imepata matajiri wa kukusanya?

Joseph Murumbi, aliyezaliwa 1911 Eldama Ravine, baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Aliacha siasa, akaingia biashara, na mwaka 1972 akaanzisha na Alan Donovan nyumba ya sanaa ya African Heritage mjini Nairobi. Alikuwa na zaidi ya vitabu 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, nguo, stempu, michongo. Wanunuzi wa nje walimfuata na bei kubwa. Akaiuzia serikali ya Kenya, na leo mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuingia kwenye jengo la Nyaraka za Taifa akaviona.

Sindika Dokolo wa Kongo alikwenda mbele zaidi. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1972, mwana wa mwenye benki, akajenga Luanda mojawapo ya makusanyo makubwa ya sanaa ya kisasa ya Afrika. Biashara zake na za mkewe, Isabel dos Santos, binti wa aliyekuwa rais wa Angola, zilikuja kuanikwa na waandishi wa uchunguzi Januari 2020, na hilo lisifichwe: ni haki kuuliza fedha za mfadhili zimetoka wapi, awe wa Leipzig au wa Luanda. Alifariki Oktoba 2020 akipiga mbizi Dubai.

Lakini mbinu yake inafaa kujulikana hapa kwetu. Vita vya Angola vilikuwa vimesababisha vinyago vya Wachokwe kuibwa kutoka makumbusho ya Dundo na kuuzwa Ulaya. Dokolo aliajiri wataalamu wa kuvisaka kwenye nyumba za minada na kwa wakusanyaji, wakilinganisha na picha za zamani za makumbusho. Mwenye kinyago alipopatikana alipewa njia mbili: apokee bei aliyonunulia, si senti zaidi, au akutane mahakamani kwa kesi ya mali ya wizi. Mwaka 2016 vinyago viwili na sanamu moja vilikabidhiwa Angola kwa njia hiyo. Silaha iliyofanya kazi ilikuwa orodha: makumbusho ya Dundo yalikuwa yamepiga picha na kuandika vitu vyake kabla havijaibwa. Ngao, mikuki, vibuyu vya mbege na vifaa vya wahunzi vya Uchagani vya wakati wa Meyer navyo viko kwenye stoo za Ulaya vikiwa na namba za makumbusho, na namba hizo zinaweza kuombwa kwa barua.